The Wire: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu waigizaji na muziki wake

Kila anapoingia mtazamaji mpya, maswali ni yale yale: mbona hakuna muziki, mbona wimbo wa mwanzo umebadilika, na huyu Stringer Bell ni Mwingereza kweli? Tunaoitazama The Wire na kubishana juu yake kwa Kiswahili hapa Uganda tumetoka kila upande: Wanubi wa Bombo, watu wa Arua na Busia, Wakongo wa Katwe na Nsambya, waliokulia kambi za polisi. Majibu haya yamekusanywa ili mabishano yaanzie mbele. Maswali yanayofichua nani anakufa yako sehemu ya mwisho, chini ya onyo.

## Misingi

The Wire ni nini, na ina urefu gani?

Ni tamthilia ya uhalifu ya Marekani iliyorushwa na HBO kuanzia tarehe 2 Juni 2002 hadi tarehe 9 Machi 2008. Ina misimu mitano na sehemu 60, nyingi zikikaribia saa moja. Yote inatokea Baltimore, jimbo la Maryland. Msimu wa kwanza ni polisi wanaonasa simu za wauza unga. Wa pili unahamia bandarini. Wa tatu unaingia kwenye siasa za mji. Wa nne shuleni. Wa tano kwenye chumba cha habari cha gazeti. Wauza unga na polisi hawaondoki, ila kila msimu unafungua mlango mwingine wa mji ule ule.

Nani waliitunga, na kwa nini hilo ni muhimu kwa waigizaji na muziki?

Mtunzi ni David Simon, aliyekuwa mwandishi wa habari za uhalifu wa gazeti la Baltimore Sun. Mwenzake mkuu ni Ed Burns, mpelelezi wa polisi wa Baltimore ambaye baada ya kustaafu alifundisha shule za serikali za mji huo. Walitaka mtazamaji aamue mwenyewe nani wa kumwonea huruma na wakati gani wa kuogopa. Kwa hiyo waliondoa vitu viwili ambavyo tamthilia nyingine hutumia kumshika mtazamaji mkono. Cha kwanza ni sura maarufu, maana ukiiona tu unajua huyu ndiye bwana mkubwa na hafi leo. Cha pili ni muziki wa nyuma, ule unaokuambia sasa lia, sasa shtuka. Ukilielewa hilo, nusu ya maswali yaliyo hapa chini yanajijibu yenyewe.

Naweza kuruka msimu wa pili? Naona ni Wazungu wa bandarini tu.

Usiruke. Wengi walioruka walirudi baadaye, kwa sababu watu wa Mombasa wana Bandari na watu wa Malaba wana foleni ya malori, na msimu huo unaeleza jinsi mzigo haramu unavyopita mahali ambapo kila mtu anafanya kazi halali. Isitoshe, ndio msimu wenye toleo la wimbo wa mwanzo linaloimbwa na mwenyewe aliyeutunga (tazama sehemu ya muziki).

Nitazame kwa VJ au kwa maandishi ya chini?

Swali hili ndilo linalotugawa kuliko yote, kwa hiyo jibu litakuwa refu.

VJ, yaani mtu anayetafsiri filamu kwa sauti yake wakati inaendelea, ni sanaa yetu. Hakuna aliyekulia karibu na kibanda cha video Uganda asiyejua jinsi VJ Jingo au VJ Junior anavyoweza kuichukua filamu ya watu wa mbali akaifanya ya mtaa wetu, kwa Kiluganda chenye methali na matani. Kwa filamu ya ngumi na risasi, mimi pia ningemchagua VJ. Lakini VJ anasema juu ya sauti ya filamu, na sauti ya filamu hushushwa ili asikike. Katika tamthilia nyingi hupotezi sana, maana muziki wa nyuma umewekwa ili kukusukuma tu. Katika The Wire, kile kinachosikika nyuma ndicho habari yenyewe: redio ya gari lililopaki, spika ya dukani, mtu anayeita jina la mzigo wa siku hiyo kutoka kona, king'ora cha mbali. Ukifunika hayo umeufunika mji.

Kwa hiyo tunashauri maandishi ya chini ya Kiingereza, hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Lafudhi ya Baltimore ni nzito, na lugha ya vijiweni haifafanuliwi kwa mtazamaji hata siku moja. Sehemu tatu za kwanza zitakuchosha. Vumilia. Kufikia ya nne masikio yameshazoea.

## Waigizaji

Mbona sioni sura hata moja ninayoijua?

Kama unaitazama leo, utaijua ya Idris Elba na labda ya Michael B. Jordan. Mwaka 2002 hakuna aliyewajua. Msimamizi wa uteuzi wa waigizaji, Alexa Fogel, alitafuta watu wazuri wasio na umaarufu, na sababu imeelezwa hapo juu, kwenye swali la watunzi. Matokeo yake ni kwamba hujui nani mkubwa na nani mdogo hadi hadithi ikuonyeshe. Mtu anayesimama kimya nyuma ya dawati katika sehemu ya pili anaweza kuwa nguzo ya msimu mzima, na mtu uliyempenda akaondolewa katikati ya wiki bila kupigiwa ngoma.

Ni kweli McNulty na Stringer Bell ni Waingereza?

Kweli. Dominic West, anayeigiza mpelelezi Jimmy McNulty, anatoka Sheffield. Alituma mkanda wa majaribio alioujirekodi nyumbani, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumsomea maneno ya upande wa pili, alikuwa akisema mstari wake, ananyamaza, anasikiliza ukimya kana kwamba kuna mtu anamjibu, halafu anaendelea. Waandaaji walicheka sana, kisha wakaona kwamba ndani ya kichekesho hicho kuna mwigizaji. Msimu wa pili wana tukio ambapo McNulty anajifanya Mwingereza ili aingie kwenye danguro, na lafudhi yake ya Kiingereza ni mbovu makusudi. Mwingereza anamwigiza Mmarekani asiyeweza kumwigiza Mwingereza. Litafute tukio hilo.

Idris Elba, anayeigiza Stringer Bell, bwana wa unga, alizaliwa London. Alipokwenda kwenye majaribio alishauriwa na Fogel asiseme ametoka wapi, kwa sababu waandaaji walitaka Wamarekani. Akazungumza Kimarekani mwanzo mwisho. Kuna na wa tatu: Aidan Gillen, mwanasiasa Tommy Carcetti kuanzia msimu wa tatu, ni Mwairishi wa Dublin.

Basi Idris Elba ni Mwafrika?

Wazazi wake ni Waafrika: baba kutoka Sierra Leone, mama kutoka Ghana. Yeye alizaliwa na kukulia London. Ubishi wa kama hilo linamfanya "wetu" huwa hauishi, na hatutaumaliza hapa.

Si dhuluma kwa Wamarekani weusi, Mwingereza kupewa nafasi yao?

Kwetu Uganda swali hili lina ndugu yake wa karibu. Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London kwa wazazi Waganda, alishinda Oscar mwaka 2021 kwa kumwigiza Fred Hampton, kiongozi wa chama cha Black Panther wa Chicago. Siku ile Kampala ilishangilia kama mpira. Huwezi kumshangilia Kaluuya kisha ukamkatalia Elba.

Lakini malalamiko ya waigizaji wa Kimarekani si ya kupuuza, na kinachoiokoa The Wire ni kwamba nyuma ya hao wachache kuna umati wa watu wa Baltimore wenyewe. Linganisha na majibu mawili yanayofuata.

Snoop ni mwigizaji au ni mtu wa mtaani kweli?

Felicia Pearson, anayeigiza Snoop, muuaji wa kundi la wauza unga, ni mzaliwa wa mashariki ya Baltimore, na jina la mhusika wake ni jina lake mwenyewe. Akiwa na miaka 14 alihukumiwa kwa kosa la kuua, akatumikia kifungo cha miaka kadhaa. Baada ya kutoka, Michael K. Williams, anayeigiza Omar, mnyang'anyi wa wauza unga, alimwona kwenye klabu moja mjini humo, akavutiwa na jinsi anavyojibeba, akamkaribisha kwenye seti. Hakuwa amesomea uigizaji. Sauti ile, ukavu ule, kuzungumzia kifo kama mtu anayepanga bei ya nyanya: havikuandikwa vikamwendea, alikuja navyo.

Kwa heshima ya wote wawili, usimchanganye mtu na mhusika. Pearson aliyemaliza kifungo chake ana haki ya kuitwa mwigizaji bila kiambatisho.

Nani wengine ni watu halisi wa Baltimore?

Wengi kuliko unavyodhani. Melvin Williams, anayeonekana kama shemasi wa kanisa kuanzia msimu wa tatu, alikuwa bwana mkubwa wa unga Baltimore. Alikamatwa mwaka 1984 katika upelelezi ambao Ed Burns alishiriki. Yaani mpelelezi na mtuhumiwa wake waliishia kwenye kazi moja, mmoja akiandika, mwingine akiigiza mtu wa Mungu. Mzee mmoja wa kundi letu, polisi mstaafu, aliposikia hilo aliomba turudishe nyuma tukio zima la shemasi, akalitazama tena kwa macho mengine.

Jay Landsman, sajenti mnene mwenye maneno mengi, ni jina la mpelelezi wa kweli. Mpelelezi mwenyewe yumo pia, ila anaigiza mtu mwingine, Luteni Mello, na Landsman wa kwenye hadithi anaigizwa na Delaney Williams. Kurt Schmoke, meya wa Baltimore kuanzia 1987 hadi 1999, aliyewahi kutetea kwamba unga ushughulikiwe kama tatizo la afya, anatokea msimu wa tatu kama mkuu wa afya, msimu ule ule ambao swali hilo linawaka.

Watoto wa msimu wa nne walipatikana wapi? Wanaigiza kuliko wakubwa!

Wanne wakuu ni Tristan Wilds (Michael), Julito McCullum (Namond), Maestro Harrell (Randy) na Jermaine Crawford (Dukie). Aliyewanoa ni Robert Chew, huyo huyo anayeigiza Proposition Joe, tajiri mnene anayetengeneza saa na redio. Chew alikuwa mwalimu wa uigizaji Baltimore na aliwasimamia vijana mstari kwa mstari. Alifariki Januari 2013. Kila ninapoona Dukie anavyoinamisha kichwa darasani namkumbuka mwalimu aliyekuwa nyuma ya kamera.

Wanamuziki gani wanaigiza?

Method Man wa Wu-Tang Clan ni Cheese. Fredro Starr wa kundi la Onyx ni Bird, msimu wa kwanza. Steve Earle, mwimbaji wa kantri aliyewahi kupambana na uraibu wa heroini, ni Walon, mwenye kumshika mkono Bubbles, mraibu anayetaka kuacha unga. Tunakutana na Earle tena kwenye wimbo wa mwanzo.

## Muziki

Mbona hakuna muziki? Nilidhani faili langu limeharibika.

Faili lako ni zima. Kanuni ya The Wire ni kwamba muziki lazima utoke ndani ya tukio: redio ya gari, baa, simu, spika dirishani. Kama hakuna kitu cha kupiga muziki pale, hakuna muziki.

Jaribu na tukio la jikoni, msimu wa kwanza, sehemu ya nne. McNulty na Bunk, mpelelezi mwenzake, wanaingia kwenye nyumba alimouawa msichana, kesi iliyoachwa siku nyingi. Wanatandika picha za maiti sakafuni. Wanavuta futi, wanapima dirisha, mmoja ananyoosha mkono kama muuaji. Kwa dakika karibu tano maneno yao ni tusi moja tu, linalorudiwa kwa kila hisia: mshangao, shaka, uchungu, furaha. Mwisho wanaikuta risasi imenasa kwenye mlango wa friji. Hakuna fidla wala ngoma ya kukuambia kwamba wamegundua kitu. Unasikia futi ikirudi kwenye kopo lake na koleo ikigusa bati. Ungeweka muziki pale, mtazamaji angejua jibu kabla ya wapelelezi.

Wimbo wa mwanzo unaitwaje, na mbona unabadilika?

Ni "Way Down in the Hole" wa Tom Waits, uliotoka mwaka 1987. Wimbo ni ule ule misimu yote mitano. Waimbaji ndio wanaobadilika. Msimu wa kwanza ni The Blind Boys of Alabama, kundi la nyimbo za injili. Wa pili ni Waits mwenyewe. Wa tatu ni The Neville Brothers wa New Orleans. Wa nne ni DoMaJe, vijana watano wa Baltimore. Wa tano ni Steve Earle.

Ni mahubiri: shetani yuko shimoni, mfungie huko chini. Kila msimu mahubiri yale yale yanapata mhubiri mwingine, kama vile hadithi yenyewe inavyohamia taasisi nyingine ikikuta ugonjwa ule ule.

Toleo lipi ni bora?

La msimu wa nne, na nitabishana na yeyote. Watu humtaja Waits kwa sababu ndiye mwenye wimbo, na sauti yake ya kukwaruza inalingana na makontena ya bandarini. Wengine, hasa waliolelewa kanisani, hawatoki kwa Blind Boys. Lakini msimu wa nne ni wa watoto wa shule, na wanaoimba kuhusu shetani ni watoto wa mji ule ule. Sauti zao bado hazijakomaa. Wanaimba onyo ambalo wao wenyewe ndio wanaopaswa kulisikia.

Ombi moja: usiruke wimbo wa mwanzo. Najua kwenye chumba cha kutazamia ndio wakati watu wanatoka kununua rolex, chapati ya mayai. Picha zinazopita chini yake hutoka kwenye matukio ya msimu huo, na ukirudi kuzitazama baada ya kumaliza utaziona kwa maana nyingine.

Lakini kila msimu unaishia na wimbo mzima juu ya picha. Si wamevunja kanuni yao?

Ndiyo, wameivunja, kwa makusudi. Sehemu ya mwisho ya kila msimu ina mfululizo wa picha zinazozunguka mji kuonyesha kila mtu ameachwa wapi, na wimbo hautoki kwenye redio yoyote. Msimu wa kwanza ni Jesse Winchester, wa pili Steve Earle, wa tatu Solomon Burke, wa nne Paul Weller, na wa tano Blind Boys wanarudi na wimbo wa mwanzo.

Kwa kuwa umekaa kimya saa nyingi bila muziki wa nyuma, wimbo mmoja unapofunguliwa unakupiga kifuani. Solomon Burke anapoanza kuimba mwishoni mwa msimu wa tatu, chumba chetu huwa hakisemi kitu.

Wimbo unaopita na majina mwishoni ni wa nani?

"The Fall", wa Blake Leyh, aliyekuwa pia msimamizi wa muziki wa tamthilia.

Omar anapiga mluzi wimbo gani?

"The Farmer in the Dell", wimbo wa watoto wa kucheza kwa duara. Mtaa mzima ukiusikia unafunga milango. Angalia kwamba hata huu umo ndani ya tukio: anayeusikia ni kila aliyeko barabarani, si mtazamaji peke yake.

Ule muziki wa haraka haraka kwenye magari ni wa aina gani?

Ni muziki wa klabu wa Baltimore, ngoma za kasi zenye vipande vifupi vya sauti vinavyorudiwa. Msimu wa nne unautumia kama kitambulisho. Chris, muuaji mwenzake Snoop, na Snoop mwenyewe wanawatafuta vijana wa New York walioingilia vijiwe vyao, na njia yao ya kuwatambua ni kuuliza swali kuhusu muziki wa Baltimore. Asiyejua si wa hapa, na anauawa.

Wazee waliopita vizuizi vya askari Uganda miaka ya 1970 na 1980 hawahitaji kuelezwa tukio hilo. Walijua jinsi jibu lako, na lafudhi uliyolitolea, vilivyoweza kuamua kama unavuka. Katika tamthilia nzima, hapo ndipo muziki unapoamua uhai wa mtu.

Nyimbo zake nazipata wapi?

Kuna albamu mbili. "…And All the Pieces Matter" ya mwaka 2008 ina matoleo ya wimbo wa mwanzo pamoja na vipande vya mazungumzo. "Beyond Hamsterdam" ni ya wasanii wa Baltimore peke yao. Kwa kuujua mji, anza na hiyo.

## Maswali ya pembeni (onyo: yanafichua vifo)

Wallace, yule kijana muuza unga, ni yule yule Michael B. Jordan?

Ndiye, akiwa kijana mdogo. Anayeigizwa naye anauawa na marafiki zake, Bodie na Poot, karibu na mwisho wa msimu wa kwanza. Wasioamini kwamba kukosekana kwa sura maarufu kuna faida watazame sehemu ile na mtu anayemjua Jordan wa leo: atakuambia kwa uhakika kwamba Wallace hafi.

Polisi wanaimba wimbo gani kwenye matanga ya baa?

"The Body of an American" wa The Pogues. Mara ya kwanza ni msimu wa tatu, wakimuaga mwenzao Ray Cole, maiti imelazwa juu ya meza ya pool. Aliyemwigiza Cole ni Robert Colesberry, mmoja wa waandaaji wakuu wa tamthilia, aliyefariki kweli mwaka 2004. Maneno ya Landsman yanamhusu mhusika, lakini waliosimama pale walikuwa wakimzika mwenzao. Waigizaji wengine waliotutoka tangu hapo ni pamoja na Michael K. Williams, Septemba 2021, na Lance Reddick, Machi 2023.

Ingetengenezwa ya Kampala, nani angeimba?

Tumeshabishana usiku kucha. Langu ni hili: wimbo mmoja, matoleo matano, kama wao. Kadongo kamu kwa msimu wa kwanza, gita moja na hadithi ndefu ya mtindo aliotuachia Paulo Kafeero. Kisha adungu, kinubi cha West Nile, kwaya ya Jumapili, gita za Kikongo za Nsambya, na mwisho Kiswahili, maana Jose Chameleone alishathibitisha kwamba Kampala inacheza Kiswahili bila kusukumwa. Ndani ya hadithi, muziki utoke kwenye teksi, kwenye kafunda (baa ndogo), kwenye simu ya boda iliyofungwa kwa mpira kwenye usukani. Na askari wazungumze Kiswahili cha kambini, kile chenye amri ndani yake. Mwigizaji asiyekijua asipewe sare.

Nitazame ya picha pana au ile ya zamani yenye picha ya karibu mraba?

Mwaka 2014 HBO ilitoa toleo jipya la picha pana na safi zaidi. Muziki na mazungumzo ni yale yale. Picha pana inapendeza kwenye televisheni za leo, ila tamthilia ilipigwa kwa ajili ya fremu nyembamba, na baadhi ya matukio ya watu wawili yalibanwa humo makusudi. Ukipata zote mbili, chukua ya zamani kwa mara ya kwanza. Ukipata moja tu, chukua hiyo hiyo uliyoipata, na uweke spika nzuri au vipokea sauti masikioni: picha ikipungua utaelewa, sauti ikipungua utapotea.